Na Hawa Mbona Hawana Macho?

Udongo niliotumia ulikuwa masalio ya utafiti wangu. Ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo mjini Morogoro, na ninaishi Kingolwira kwa bibi mzaa mama, kilomita chache mashariki mwa mji, mahali ambapo ukitoka nje alfajiri unaiona Uluguru yote kabla mawingu hayajaishukia. Udongo wa nyuma ya nyumba yetu ni mwekundu. Katika kitabu cha rangi cha Munsell, ambacho watu wa fani yangu hutembea nacho shambani, unasomeka 2.5YR 3/6: wekundu wa kiza. Sampuli hukaushwa kivulini, hupondwa, hupitishwa kwenye chekeche ya milimita 2, na kinachobaki baada ya vipimo hutupwa. Mimi sikukitupa. Nilikinyunyiza juu ya gundi nyeupe ya mbao, kwenye vitako vya sanamu thelathini za watu, kila moja ikiwa na urefu wa pingili ya kidole gumba.

Sanamu hizo aliniletea kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuja likizo kutoka Nottingham, Uingereza. Huko amejifunza mchezo wa vita wa mezani. Watu wazima hununua majeshi madogo yasiyo na rangi, huyapaka kwa miezi, kisha hukutana mwisho wa wiki na kupigana kwa dadu na futi ya kupimia. Wengi hucheza vita vya kubuni, vyenye mazimwi na vyombo vya angani. Wengine hucheza vita vilivyotokea kweli. Boksi langu lilikuwa la vita vya kweli: Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Ndani yake kulikuwa na maofisa wanne wa Kizungu, askari ishirini wa Kiafrika, na wapagazi sita wenye mizigo kichwani.

"Dogo," aliniambia, "hii vita ilipita hapo kwenu. Wenzetu wanaicheza sebuleni Jumamosi, sisi tunaoikanyaga hata hatuijui."

Hakukosea. Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini yalishuka kutoka kaskazini, yakapigana na Wajerumani kwenye Mto Wami huko Dakawa, yakaifikia Reli ya Kati, na tarehe 26 yakaingia Morogoro. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuwasubiri. Alikuwa ameshaondoka na askari wake kuelekea kusini, upande wa Kisaki, akiiacha Uluguru kati yake na Smuts. Vita hivyo viliendelea hadi Novemba 1918, na kamanda huyo alisalimisha silaha siku kadhaa baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Nilianza kazi mwezi Aprili, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Sanamu hizi ni za madini laini ya bati, na rangi haishiki kwenye bati tupu. Kwanza unakwangua mistari iliyoachwa na kalibu, unaziosha kwa maji ya sabuni, unazikausha, kisha unapuliza praima. Praima ya kopo niliinunua Kariakoo. Nikapulizia uani asubuhi ya masika, hewa ikiwa nzito kama kitambaa kilicholowa, na rangi ikakauka ikiwa na vumbivumbi, kama ukungu wa mkate. Ikabidi niioshe yote na kungoja siku ya jua. Mara ya pili ilikubali. Kwa nusu saa nzima sanamu zote thelathini zilikuwa nyeusi sawasawa juu ya ubao, na sikuweza kumtofautisha ofisa na askari, wala askari na mpagazi, isipokuwa kwa mzigo.

Baada ya hapo tofauti zikarudi, na aliyezirudisha ni mimi.

Askari niliwapaka kwa wiki tatu. Kaki ya nguo ilipata rangi tatu: ya chini, ya kivuli na ya mwanga. Ngozi niliitafuta kwa shida, kwa sababu kichupa kilichoandikwa "rangi ya mwili" kwenye seti ya kaka kilikuwa na waridi la Kizungu. Nilichanganya kahawia nzito na wekundu kidogo, nikapaka, nikaongeza tone la rangi ya chungwa, nikagusa mashavu na ncha ya pua. Ukitumia nyeusi tupu uso unakufa. Nilijifunza hivyo kwa kuwaharibu watatu wa kwanza. Mwishoni nikaja kwenye macho. Jicho la sanamu ya milimita 28 ni dogo kuliko punje ya ulezi. Unaweka doa jeupe kwa ncha ya sindano, unapumua, unaweka doa la kiza katikati, na kama mkono umetetemeka mtu wako anakuwa na makengeza maisha yake yote. Askari ishirini, macho arobaini, usiku mbili.

Wapagazi niliwamaliza kwa jioni moja. Rangi moja ya ngozi, rangi moja ya shuka, kisha rangi nyepesi ya majimaji inayotuama kwenye mikunjo na kuleta vivuli bila kukuchosha. Mizigo ndiyo niliyoipa kazi: nilichora kamba na mshono wa gunia, hata nikaandika namba kwenye sanduku la risasi.

Bibi alikuja kuangalia nilipokuwa nabandika majani. Majani yenyewe yalikuwa nyuzi za katani, nilizozikatakata kwa mkasi. Alivaa miwani, akasogeza ubao karibu na dirisha, akamtazama kila mmoja. Alisifu vifungo. Alicheka ofisa mwenye tumbo. Kisha akafika mwisho wa mstari.

"Na hawa mbona hawana macho?"

"Hizo ni za mizigo tu, bibi," nikamjibu.

Hakusema kitu. Aliuweka ubao chini na kwenda kuangalia sufuria. Mimi nikabaki nimeshika kibanio, nikisikia maneno mawili yakigongana kichwani: yeye kasema *hawa*, mimi nimesema *hizo*.

Kiswahili hakikuruhusu kukwepa jambo hili. Kila unapotaja kitu unapaswa kuamua kama kina uhai au hakina, na uamuzi huo unasikika kwenye kitenzi, kwenye kivumishi, kila mahali. Tena lugha yetu ni karimu. Kiboko, kifaru, kipofu na kijana yanaanza kwa *ki* kama kiti na kijiko, lakini kwa kuwa wana uhai tunawapa *yule* na *wale*. Hata siafu tunamwita *huyu*. Mtu anaweza kunitetea kwamba sanamu ni bati, na bati ni *hizo*. Ningekubali, kama wiki tatu nzima nisingekuwa nikisema askari *wangu*, askari *yule* amepinda bunduki, askari *huyu* ametoka vizuri. Bati lilikuwa lile lile. Niliwapa uhai ishirini na wanne, nikawanyima sita, na sikukumbuka kuamua.

Swali lililonisumbua tangu siku hiyo ni hili: kuna kosa gani? Hakuna aliyeumizwa. Mpagazi wa bati hajui kama ana macho. Kama kuna kosa la kimaadili hapa, limetendwa dhidi ya nani?

Kaka nilipompigia simu alikuwa na jibu tayari, na si jibu la kipuuzi. Alisema mchezo wowote hupunguza mambo. Kwenye bao kete zinaliwa na hakuna anayezilia. Kama kila anayeanguka mezani angepewa msiba wake, hakuna ambaye angemaliza raundi moja. Alisema pia kwamba wapakaji wazuri wengi huacha macho kabisa, kwa sababu ukisimama umbali wa mkono huyaoni, na jicho lililochorwa vibaya huharibu uso uliokuwa mzuri. "Na kwa kanuni zetu," akamalizia, "mpagazi hapigi na halengi. Ni alama ya kuonyesha kikosi kina chakula na risasi. Akitoka, unapunguza pointi za mizigo. Basi."

Ninakubaliana naye kuhusu kete. Kete ya bao ni mbegu, haijaahidi kuwa mtu. Mchezo wa vita wa maofisa wa Prussia, ambao Luteni Reisswitz aliuchapisha mwaka 1824, nao ulitumia vipande vya mstatili vyekundu na vya buluu juu ya ramani, visivyo na pua wala vidole. Lakini mtu aliyechonga pua, akachonga vidole vilivyoshika ukingo wa gunia, akachonga hata mshipa wa shingo unaovimba kwa uzito, ameshaahidi kitu. Anatuambia: huyu ni mtu, mtazame. Sanamu za aina hii wengi huzipima kutoka wayo hadi usawa wa macho, si hadi utosini, maana kofia na nywele hudanganya. Kwa hiyo hata wapagazi wangu walipimwa kwa macho ambayo sikuwapa.

Kuhusu "alama ya mizigo", hapo ndipo nilipoona kwamba kanuni za kaka hazikubuni kitu. Zilinakili. Katika vita vile barabara za magari zilikuwa chache na mbovu, na farasi na maksai walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha ofisa kilipita juu ya kichwa cha mtu. Piga hesabu kama mtu wa stoo. Mpagazi anabeba unga kilo 25. Naye anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, mzigo karibu wote umeishia tumboni mwake na jeshi limebakiziwa kilo moja tu. Ukiangalia karatasi ile, huoni mtu. Unaona mzigo unaojila. Dawa ni mbili: kuongeza wapagazi, au kuwapunguzia chakula. Zote mbili zilitumika. Kumbukumbu rasmi za Uingereza zilihesabu vifo vya wapagazi wake kuwa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi kuliko hapo. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa vizuri hata ya kubishania. Wengi hawakuguswa na risasi. Waliondoka kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Simaanishi kwamba aliyepiga hesabu ile alikuwa katili. Pengine alikuwa kama mimi jioni ile, amechoka, ana kazi nyingi, na ameanza na wale aliodhani ndio wenye maana. Hilo ndilo linalonitisha. Si lazima umchukie mtu ili umwondolee macho. Inatosha umwache wa mwisho.

H. G. Wells, mwandishi Mwingereza, alichapisha kitabu cha kanuni za vita vya wanasesere, *Little Wars*, mwaka 1913. Hoja yake ilikuwa kwamba anayecheza vita vidogo huona haraka vita vikubwa ni upuuzi wa kiasi gani. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilianza. Ninaipenda hoja yake na bado siiamini. Mchezo hukufundisha kuona upuuzi wa yale tu uliyoyaweka mezani. Yale uliyoyafanya kuwa pointi za mizigo, unayafunza macho yako kuyapita.

Na si mezani tu. Dar es Salaam, katikati ya Mtaa wa Samora, yupo askari wa shaba aliyezinduliwa mwaka 1927, ameelekeza singe yake bandarini. Juu ya kitako chake amesimama peke yake. Nairobi kuna kumbukumbu ya vita hivyo hivyo yenye sanamu tatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwetu mpagazi alipata jina la mtaa: Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lililolainishwa na midomo yetu. Nilikwenda huko kununua praima, nikabishana bei, nikapanda basi kurudi, na jina lile sikulisikia hata kidogo.

Usiku wa siku ile, baada ya chakula, bibi alinisimulia jambo ambalo nililijua nusu. Mama yake alikuwa na mjomba. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa pembeni, ndiye mkubwa wenu. Mjomba huyo alichukuliwa pamoja na wanaume wengine wa kijiji, akatwishwa mzigo, wakaambiwa ni safari ya siku tatu. Mama yake alimwekea chakula siku tatu. Siku ya nne aliendelea kumwekea. Hakurudi, na hakuna aliyerudi na habari zake. Nilimuuliza bibi kama walikuwa Wajerumani au Waingereza.

"Wenye bunduki," akasema. Kisha akaongeza, "Waliowafunga kamba walikuwa weusi kama sisi."

Nikaangalia askari wangu ishirini kwenye ubao, na macho yao arobaini.

Nilifanya kile ambacho pengine wewe pia ungefanya. Kesho yake nilichukua wapagazi sita, nikawafuta, nikaanza upya. Walikuwa wametoka kwenye kalibu tatu tu, kila sura mara mbili, kwa hiyo pacha na pacha niliwatofautisha kwa rangi: huyu mzee mwenye mvi, huyu kijana, huyu amefunga kitambaa kichwani, huyu goti lina jeraha. Kisha macho. Mikono ilikuwa imeshazoea, nikamaliza bila makengeza. Nikamchagua mmoja, mwenye taya pana kama la kwetu, nikampelekea bibi kwenye kiganja.

"Bibi, huyu nimempaka kwa ajili ya mjomba." Nikataja jina.

Alimshika muda mrefu. Nilitegemea machozi, ninakiri, na nadhani niliyataka.

"Amependeza," akasema. "Ila usimwite jina hilo, mke mwenzangu. Sura ya mjomba wewe huijui. Hata mimi siijui. Ukimpa huyu jina, kesho mtasema mmempata."

Ndiyo maana hapa jina silitaji.

Nimelifikiria jibu lake kuliko somo lolote la muhula huu. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja na kuingia kwenye lingine. Kwanza nilimnyima mpagazi uso. Kisha nikampa uso wa kubuni nikauita deni lililolipwa, kwa brashi ya shilingi elfu mbili na jioni moja ya huruma. Kosa la pili ni tamu zaidi, kwa sababu linakufanya ujione mwema. Mtu asiye na kaburi hana kaburi. Rangi haizibi shimo hilo, na anayeliziba kwa rangi anawazuia wengine wasilione.

Kwa hiyo kosa lilitendwa dhidi ya nani? Si dhidi ya bati. Na sidhani kama wafu wanahitaji kitu kutoka kwa brashi yangu. Nadhani nilimkosea bibi, aliyekuwa anatazama, na nilijikosea mwenyewe, kwa sababu jicho linalozoea kupita juu ya sanamu sita halitajifunza adabu mpya litakapotoka nje. Dirishani kwetu hupita wanawake wenye ndizi vichwani wakishuka kutoka milimani, na vijana wanaosukuma mikokoteni. Ni lini mara ya mwisho nilimtazama mmoja wao zaidi ya mzigo wake? Kumpa mtu macho hakumaanishi kudai kwamba unamjua. Ni kukiri kwamba na yeye anatazama, na kwamba kile anachokiona hukijui. Nadhani bibi alitaka hilo tu: wawe na macho, wasiwe na majina ya kuazima.

Tulicheza Jumapili moja kabla kaka hajaondoka, kwenye meza ya chakula, juu ya shuka la kaki, vilima vya maboksi vikiwa Uluguru. Niliomba tubadilishe kanuni moja. Mpagazi akianguka harudi kwenye boksi. Analazwa pale alipoangukia, anabaki hapo hadi mwisho, na anayetaka kupita anamzunguka. Kaka alikubali kwa kunionea huruma.

Mchezo ulikuwa mbaya, nakiri. Ulikwenda polepole. Sanamu zilizolala zilijaza njia nyembamba kati ya vilima, na kwa kuwa askari ndio waliokuwa wanalengwa lakini mizigo ndiyo iliyokuwa inakwisha, wapagazi walianguka kwanza karibu wote. Katika raundi ya saba kikosi cha kaka kilikwama kabisa. Alipima kwa futi huku, akapima kule, akaguna.

"Dogo, hawa wameziba njia," akasema. "Tuwatoe tu."

Sikumjibu. Nilitazama kama amejisikia, ila hakuwa amejisikia, alikuwa anatafuta dadu chini ya meza. Hatukuwatoa. Hatukumaliza pia. Bibi alikuja na sahani akasema ugali unapoa, na ilibidi wote thelathini, waliosimama na waliolala, waondoke mezani tupate kula.